Uzito Unaporudi: Historia ya Kurejea kwa Unene baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito nchini Marekani na Uswidi, 1954–2024

1.0 Utangulizi

Upasuaji wa kupunguza uzito ni tiba ambayo faida yake huonekana mapema na udhaifu wake huchelewa kujitokeza. Katika mwaka wa kwanza mgonjwa hupungua kwa kasi, nguo za zamani humpwaya, na ndugu na majirani humpongeza. Miaka mitano au minane baadaye, pengine bila yeye kubadili jambo lolote analolitambua, mizani huanza kupanda tena. Wakati huo pongezi hazipo, na mara nyingi hata daktari aliyemfanyia upasuaji haonani naye tena. Kinachobaki ni swali moja: kosa ni la nani?

Insha hii inachunguza namna swali hilo lilivyojibiwa kati ya mwaka 1954 na mwaka 2024, hasa nchini Marekani, ambako operesheni nyingi za aina hii zilibuniwa, na nchini Uswidi, ambako ufuatiliaji wa muda mrefu ulifanywa kwa uvumilivu wa pekee. Historia ya tiba hii kwa kawaida husimuliwa kama msururu wa operesheni, kila moja ikichukua nafasi ya ile iliyotangulia kwa kuwa bora zaidi. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaficha jambo moja muhimu. Takribani kila operesheni iliyopata kutumika iliweza kupunguza uzito. Zilizoachwa ziliachwa ama kwa sababu ya madhara yake, ama kwa sababu uzito ulirudi. Kwa hiyo kurejea kwa uzito si tanbihi katika historia hii. Ni mojawapo ya nguvu zilizoiendesha.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kurejea kwa uzito kumepewa maelezo matatu kwa zamu. Kwanza kulielezwa kuwa kosa la mshono na pini, yaani kazi ya fundi iliyolegea. Pili kulielezwa kuwa kosa la mgonjwa, yaani mtu asiyefuata masharti. Tatu kumeelezwa kuwa tabia ya mwili wenyewe, ambao huulinda uzito wake wa zamani kwa njia zisizotegemea utashi wa mtu. Kila maelezo yalizaa njia yake ya kumrudisha mgonjwa njiani, na kila moja liliamua kama mgonjwa huyo angerudi kliniki kwa matumaini au angejificha kwa aibu.

Katika insha hii, neno mchepuko linatumika kwa operesheni ambayo chakula hupitishwa njia ya mkato na kuacha kando sehemu ya tumbo au ya utumbo, kama barabara ya mchepuko inavyoliacha kando eneo la mji. Neno tumbo linatumika kwa maana ya mfuko wa chakula, si eneo lote la fumbatio.

2.0 Funzo la Mwanzo: Tiba Ikiondolewa, Uzito Hurudi

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1954, Arnold Kremen, John Linner na Charles Nelson walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa mbwa kuhusu umuhimu wa sehemu ya juu na ya chini ya utumbo mwembamba katika kunyonya virutubisho. Ndani ya makala hiyo waligusia pia mgonjwa mmoja aliyeunganishwa utumbo ili chakula kipite mkato. Miaka miwili kabla yao, Viktor Henrikson wa Göteborg, Uswidi, alikuwa ameeleza kisa cha mwanamke aliyekatwa sehemu ya utumbo mwembamba kwa sababu ya unene. Fikra ilikuwa rahisi: ikiwa mtu hawezi kula kidogo, basi mwili wake unyonye kidogo.

Mpango wa kwanza uliohusisha kundi la wagonjwa ulianzishwa Los Angeles mwaka 1956 na J. Howard Payne na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1963. Wagonjwa kumi waliunganishiwa sehemu fupi ya mwanzo ya utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana. Uzito ulishuka sana. Hata hivyo wagonjwa waliharisha mfululizo, wakapoteza chumvi muhimu za mwili, na wengine wakapata maradhi ya ini. Kwa mujibu wa mpango, utumbo ungerudishwa katika hali yake ya kawaida mara mgonjwa atakapofikia uzito unaofaa. Waliorudishiwa walinenepa tena hadi uzito wao wa awali.

Tukio hilo la mwanzoni kabisa lina uzito wa kihistoria kuliko lilivyopewa wakati ule. Payne na wenzake walikuwa wamedhani kwamba unene ni kama jipu: ukishatumbuliwa, kovu hubaki na ugonjwa huisha. Matokeo yalionyesha kinyume, kwamba tiba ilifanya kazi kwa muda ule tu iliokuwamo mwilini. Jibu la madaktari halikuwa kuutafakari ugonjwa upya, bali kubuni mchepuko ambao mgonjwa angeweza kuishi nao maisha yake yote. Mwaka 1969 Payne na Loren DeWind walieleza mchepuko mpya, ambamo inchi 14 za mwanzo wa utumbo mwembamba ziliunganishwa na inchi 4 za mwisho wake. Operesheni hiyo ilienea katika miaka ya 1970, kisha ikaachwa kwa sababu ya maradhi ya ini, mawe ya figo na maumivu ya viungo. Wagonjwa wengi walilazimika kurudishiwa utumbo wao, na kwa mara nyingine uzito ukarudi pamoja nao.

Kuna jambo jingine linalostahili kuzingatiwa. Katika chuo kikuu hichohicho cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa majuma 24, hadi wakapoteza takribani robo ya uzito wao. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1950. Vijana hao waliota chakula, walizungumza chakula, na waliporuhusiwa kula walikula kupita kiasi, na mafuta ya miili yao yakazidi yale ya awali kabla ya kutulia. Hawa walikuwa vijana wenye afya, waliochaguliwa kwa uthabiti wa nia. Ushahidi kwamba mwili uliopunguzwa hudai kurudishiwa chake ulikuwapo tayari miaka minne kabla ya Kremen na wenzake kuchapisha. Hata hivyo ulihesabiwa kuwa elimu ya njaa, si elimu ya unene, na ilichukua takribani nusu karne kabla ya elimu hizo mbili kukutanishwa.

3.0 Kosa la Fundi: Mfuko Uliotanuka na Pini Zilizoachia

Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alilitazama tumbo badala ya utumbo. Alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walipata shida kunenepa. Mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, alianza kufanya mchepuko wa tumbo: sehemu ndogo ya juu ilitengwa na kuunganishwa na utumbo, na sehemu kubwa iliyobaki ikaachwa bila kupitiwa na chakula. Mwaka 1977 Ward Griffen wa Kentucky alieleza namna ya kuunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y, namna ambayo ndiyo iliyodumu hadi leo.

Mason hakuridhika. Mchepuko ulikuwa operesheni ngumu, naye alitafuta njia nyepesi ya kulibana tumbo bila kugusa utumbo. Mwaka 1971, yeye na Kenneth Printen walijaribu kuligawa tumbo kwa mlalo na kuacha njia nyembamba pembeni. Wagonjwa walipungua, kisha wakarudi pale walipokuwa. Mason alilichukulia tatizo hilo kifundi: mfuko ulikuwa mkubwa mno, na njia ya kutokea ilikuwa imetanuka. Mwaka 1980 alibuni mgawanyo wa wima, kwa upande wa tumbo wenye ukuta mnene usiotanuka upesi, na njia ya kutokea akaizungushia kola ya wavu wa plastiki. Kila hatua ya ubunifu huo ni jibu kwa namna fulani ambayo uzito ulikuwa umerudi. Yaani umbo lenyewe la operesheni lilichongwa na kurejea kwa uzito.

Hata hivyo pini nazo zilikuwa na maisha yake. Katika operesheni za wakati huo tumbo halikukatwa. Lilibanwa tu kwa safu za pini za chuma. Kwa baadhi ya wagonjwa safu hizo ziliachia miezi au miaka baadaye, chakula kikapata njia yake ya zamani, na uzito ukapanda. Picha za eksirei zilionyesha kasoro hiyo waziwazi, na kwa mgonjwa aliyekuwa amelaumiwa kwa ulafi, picha hiyo ilikuwa kama hukumu ya kuachiwa huru. Madaktari walijibu kwa kulikata tumbo kabisa, sehemu mbili zisigusane.

Mkanda unaorekebishika, ambao Lubomyr Kuzmak aliueleza nchini Marekani mwaka 1986, uliahidi kulimaliza tatizo kwa njia nyingine. Mgonjwa akianza kunenepa, daktari angeongeza maji ndani ya mkanda kwa sindano, na mlango wa tumbo ungebanwa zaidi. Mwaka 1993 Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akifanya kazi mjini Huy, Ubelgiji, aliuweka mkanda huo kwa upasuaji wa matundu madogo kwa mara ya kwanza. Operesheni ikawa nyepesi na ikasambaa duniani. Lakini ripoti iliyotolewa mwaka 2011 na madaktari wa Brussels, kuhusu wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 12 na zaidi, ilionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa wametolewa mikanda. Funzo la mwaka 1963 lilijirudia: mkanda ukitoka, kizuizi hutoka nao.

4.0 Kosa la Mgonjwa: Peremende, Aibu na Vipimo

Maelezo ya kifundi yalikuwa na ukomo wake. Walikuwapo wagonjwa ambao mifuko yao ilikuwa midogo, pini zao zilikuwa imara, na bado walinenepa. Mwaka 1987 Harvey Sugerman na wenzake wa Virginia walichapisha jaribio lililowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya mgawanyo wa wima na mchepuko wa tumbo, wakiwatenga pia wale waliopenda vitu vitamu na wale wasiovipenda. Mchepuko ulishinda, na waliopenda vitamu ndio waliofanya vibaya zaidi katika mgawanyo wa wima. Sababu ilieleweka kwa urahisi. Nyama na mkate havipiti katika mlango mwembamba bila taabu, lakini aiskrimu na maziwa yenye sukari hupita bila kizuizi. Katika mchepuko, kwa upande mwingine, sukari iliyoshuka ghafla katika utumbo huleta kizunguzungu, jasho na mapigo ya moyo, na mgonjwa hujifunza kuiepuka.

Utafiti huo ulikuwa na manufaa ya kweli, kwa kuwa ulisaidia kuchagua operesheni inayomfaa mtu. Lakini jina lililotoka humo, la mla vitamu, lilianza kufanya kazi nyingine. Kilichokuwa maelezo ya mlango mwembamba unaomlazimisha mtu kula vilaini kikawa maelezo ya tabia ya mtu. Katika maandishi ya kitabibu ya miaka iliyofuata, kutofuata masharti kulitajwa miongoni mwa sababu za kushindwa kwa operesheni, na neno kushindwa lenyewe halikufafanua ni nani aliyeshindwa.

Vipimo vilichangia pia. Kwa miongo kadhaa mafanikio yalihesabiwa kwa asilimia ya uzito uliozidi uzito unaofaa, na uzito unaofaa ulichukuliwa kutoka majedwali ya kampuni ya bima ya Metropolitan Life, hasa ya mwaka 1959 na 1983. Ikazoeleka kwamba aliyepoteza nusu ya uzito huo uliozidi amefaulu, na aliye chini ya hapo ameshindwa. Kwa kipimo hicho, mtu aliyeacha sindano za insulini na kupanda ngazi bila kupumzika angeweza kuandikwa kuwa ameshindwa kwa tofauti ya kilo tatu.

Athari ya lugha hiyo ilikuwa ya kiutendaji, si ya hisia pekee. Mgonjwa aliyenenepa ndiye aliyehitaji kliniki kuliko wengine, na ndiye aliyekuwa na sababu kubwa ya kutokwenda. Hivyo takwimu za miaka ya baadaye zilijaa wale waliofanya vizuri, na madaktari waliopoteza wagonjwa wao katika ufuatiliaji walipoteza pia fursa ya kujua ukweli wa kazi yao wenyewe. Aibu ya mmoja ikawa upofu wa mwingine.

5.0 Uswidi na Thamani ya Kusubiri

Utafiti uliobadili mjadala ulianzia Göteborg. Kuanzia mwaka 1987 hadi 2001, Lars Sjöström na wenzake waliandikisha wagonjwa 2,010 waliochagua upasuaji na wengine 2,037 wa kundi linganishi waliopata matibabu ya kawaida. Kati ya waliopasuliwa, 1,369 walifanyiwa mgawanyo wa wima, 376 waliwekewa mkanda, na 265 walifanyiwa mchepuko wa tumbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba uzito ulishuka kwa kiwango cha juu kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili: asilimia 32 kwa mchepuko, 25 kwa mgawanyo wa wima na 20 kwa mkanda. Baada ya miaka 10, takwimu hizo zilikuwa 25, 16 na 14.

Takwimu hizi zinaweza kusomwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kutazama kilichorudi. Kwa wastani, kundi la mchepuko lilirejesha takribani moja ya tano ya ule uzito uliopungua, kundi la mkanda takribani theluthi, na kundi la mgawanyo wa wima zaidi ya theluthi. Namna ya pili ni kutazama kilichobaki. Katika muda wote huo uzito wa kundi linganishi ulibadilika kwa asilimia 2 tu kuelekea juu au chini, na vifo katika kundi lililopasuliwa vilikuwa vichache kwa kiasi cha kutosha kutajwa kuwa faida ya tiba. Wagonjwa walewale ambao kwa lugha ya zamani walikuwa wakirudi nyuma, kwa lugha ya maisha na mauti walikuwa mbele.

Hali ya kisukari ilionyesha sura hiyohiyo mbili. Mwaka 1995 Walter Pories wa North Carolina alikuwa ameushangaza ulimwengu wa tiba kwa kuonyesha kwamba mchepuko wa tumbo ulituliza kisukari cha ukubwani kwa wagonjwa wengi. Utafiti wa Uswidi ulikuta kwamba miaka miwili baada ya upasuaji asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari walikuwa wametulia, lakini baada ya miaka 10 waliobaki hivyo walikuwa asilimia 36. Faida ilikuwa kubwa, na ilikuwa ikimomonyoka.

Huko Utah, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba waliofanyiwa mchepuko walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 45 baada ya miaka 2, kilo 36.3 baada ya miaka 6, na kilo 35 baada ya miaka 12. Hapa tena takribani moja ya tano ilirudi, na sehemu kubwa ya kilichorudi ilirudi kabla ya mwaka wa sita. Kuona nchi mbili tofauti zikitoa mchoro mmoja kulidhoofisha maelezo ya tabia. Ni vigumu kudai kwamba wagonjwa wa Göteborg na wa Utah walikubaliana kuvunja masharti kwa kiwango kimoja.

Mwaka 2018 swali la vipimo nalo lilirudi mezani. Wendy King na wenzake, wakitumia wagonjwa 1,406 wa mchepuko kutoka utafiti mkubwa wa hospitali za Marekani, walionyesha kwamba miaka mitano baada ya kufikia uzito wa chini kabisa, waliohesabiwa kuwa wamenenepa tena waliweza kuwa takribani asilimia 44 au takribani asilimia 87, kutegemea kipimo kilichotumika. Wagonjwa hawakubadilika, rula ndiyo iliyobadilika. Kipimo kilichohusiana vizuri zaidi na hali ya afya kilikuwa asilimia ya uzito uliorudi kutoka katika ule uliopungua.

6.0 Hoja ya Mwili

Wakati takwimu zikikusanywa, maabara zilikuwa zikijenga maelezo ya tatu. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman la New York lilitambua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waligundua grelini, homoni inayotoka tumboni na kuamsha njaa. Mwaka 2002 David Cummings na wenzake wa Seattle walionyesha kwamba mtu anayepungua kwa kujinyima chakula grelini yake hupanda, ilhali kwa waliofanyiwa mchepuko wa tumbo ilikuwa chini sana. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba mwaka mzima baada ya kupungua kwa chakula, homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi katika kiwango cha awali. Vijana wa Keys walikuwa wamepata hatimaye maelezo ya kikemia.

Elimu hii ilibadili maana ya upasuaji wenyewe. Ilionekana kwamba mchepuko haukufanya kazi kwa kubana tu, bali pia kwa kubadili mazungumzo kati ya utumbo na ubongo, hasa kwa kuongeza homoni za shibe baada ya kula. Ilibadili pia maana ya kurejea kwa uzito. Ikiwa mwili una kiwango unachokilinda, basi mgonjwa anayenenepa mwaka wa sita hajavunja ahadi. Ameelemewa na nguvu ambayo operesheni iliipunguza bila kuimaliza. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliutambua unene uliokithiri kuwa ugonjwa, na lugha ya ugonjwa sugu ikapata nguvu.

Maelezo haya, hata hivyo, hayapaswi kutiwa chumvi. Mfuko hutanuka kweli, na mlango kati ya tumbo na utumbo ukipanuka huhusiana na kunenepa tena. Ulaji usiodhibitika, kula vijidogo mchana kutwa, msongo wa mawazo na pombe vina nafasi yake; utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matumizi mabaya ya pombe yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya mchepuko. Hoja ya mwili haiondoi wajibu wa mtu. Inauweka mahali pake, miongoni mwa sababu nyingine, badala ya kuufanya sababu pekee.

7.0 Njia za Kurudi

Kila maelezo yalikuja na njia yake ya kurudi. Waliomlaumu fundi walimrudisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji. Mgawanyo wa wima uliofumuka uligeuzwa kuwa mchepuko. Mkanda ulitolewa na mahali pake pakafanywa operesheni nyingine. Na tumbo lililokatwa kwa umbo la mrija, operesheni iliyoongoza kwa wingi nchini Marekani katika muongo wa 2010, nalo liliweza kugeuzwa. Lakini upasuaji wa pili hufanywa katika tishu zenye makovu, na hatari yake ni kubwa kuliko ya kwanza. Baadaye ilipatikana njia ya kati, ya kuupunguza mlango uliopanuka kwa kuushona kupitia kinywani, bila kupasua.

Waliomlaumu mgonjwa walimrudisha kwenye masharti: protini kwanza, milo iliyopangwa, maji mbali na chakula, daftari la ulaji, mwendo wa miguu, na vikundi vya kusaidiana. Mengi ya masharti hayo yana faida, na yanabaki kuwa msingi wa huduma. Kasoro yake haikuwa katika yaliyomo bali katika namna yalivyotolewa, kama adhabu kwa aliyeteleza.

Waliouelewa mwili walileta dawa. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha semaglutaidi kwa kupunguza uzito, dawa inayoiga mojawapo ya homoni za shibe ambazo mchepuko huziongeza. Mwaka 2023 watafiti wa London walichapisha jaribio la wagonjwa 70 ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha. Waliopewa liraglutaidi kwa majuma 24 walipungua kwa takribani asilimia 9, ilhali waliopewa dawa isiyo na kitu hawakufikia hata asilimia moja. Lakini hata hapa sauti ya mwaka 1963 inasikika. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu walioacha semaglutaidi walirejesha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza katika mwaka mmoja uliofuata.

Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la madaktari wa upasuaji huu lilitoa makubaliano ya istilahi. Anayepungua chini ya asilimia 20 ya uzito wake huhesabiwa kuwa na mwitikio wa awali usiotosha, na anayerejesha zaidi ya asilimia 30 ya uzito uliopungua huhesabiwa kuwa na hali iliyozorota baadaye. Ni lugha kavu, na ukavu huo ndio ubora wake. Unene unaorudi umetajwa kwa maneno yaleyale yanayotumika kwa shinikizo la damu linalopanda tena: jambo la kutibiwa, si la kuungamwa.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kati ya 1954 na 2024 kurejea kwa uzito kulihama kutoka mikononi mwa fundi, kukapita mabegani mwa mgonjwa, hadi ndani ya mwili wenyewe. Imeonyesha pia kwamba ukweli wa msingi ulionekana mapema mno, pale wagonjwa wa Los Angeles waliporudishiwa utumbo wao wakarudishiwa na uzito wao. Mkanda ulipotolewa na dawa ilipoachwa, mambo yalikuwa yaleyale. Ugonjwa unaorudi kila tiba inapoondolewa ni ugonjwa wa kudumu, na tiba yake haina budi kuwa ya kudumu.

Hitimisho hilo lina maana kwa nchi zinazoanza kutoa huduma za namna hii. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia Mloganzila imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni, kifaa ambacho kwa asili yake huondolewa baada ya miezi kadhaa. Historia ya Marekani na Uswidi inafundisha kwamba swali la kuuliza kabla ya siku ya kuliweka ni nani atakayemwona mgonjwa siku, mwaka na muongo baada ya kuliondoa. Daftari la miaka kumi, mtaalamu wa lishe anayefikika na mlango wa kliniki usiomtia mtu aibu ni sehemu ya operesheni sawa na kisu chenyewe.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa muda mrefu mgonjwa aliyenenepa tena alitendewa kana kwamba yeye ndiye koleo lililovunjika. Ushahidi wa miaka 70 unamweka mahali pengine: yeye ni mhunzi aliyepewa chombo kimoja kwa kazi inayohitaji vingi, na anaporudi kuomba kingine hana deni la kuomba radhi.